Embakasi: Kiti Kimoja kwa Watu Laki Tisa

Sensa ya 2009 ilikuta watu 925,775 katika eneo bunge la Embakasi, jijini Nairobi. Lamu Mashariki walikuwa 18,841. Kila upande ulikuwa na mbunge mmoja, mwenye kura moja na mshahara uleule. Ukigawanya, mvuvi wa Kizingitini alihesabika bungeni kama wakazi 49 wa Kayole.

Embakasi hiyo haipo tena. Kabla ya uchaguzi wa 2013 ilikatwa vipande vitano, na Wakenya wengi wakaona kwamba hesabu imesawazishwa na yamekwisha. Hayajaisha. Historia ya kiti hiki inaonyesha jinsi mji unavyoweza kuonewa bila mtu kuiba hata kura moja.

Jina lenyewe liliwahi kuwa la kiwanja cha ndege. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, ukiwa umejengwa kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na kwa miaka mingi eneo lililouzunguka lilikuwa nyika, machimbo ya mawe na mashamba. Katika miaka ya sabini ikaja Dandora, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ambapo takriban ploti 6,000 ziligawiwa watu wajijengee wenyewe. Zikafuata Umoja, Kayole, Komarock, huku Mukuru kwa Njenga ikizidi kujaa kando ya viwanda. Kufikia sensa ya 1999 eneo lote lilikuwa na watu 434,884. Baada ya miaka 10 idadi hiyo ilikuwa imezidi maradufu.

Anayetaka kuelewa ongezeko hilo lilikoishia na aende mtaa wa Pipeline. Magorofa ya kupangisha yamebanana hivi kwamba nguo zilizoanikwa kwenye roshani ya jengo moja hukaribia kugusa za jengo la pili. Ngazi zina giza saa sita mchana, na mtungi wa maji wa lita 20 hupandishwa kwa bega hadi ghorofa ya sita. Jengo moja tu laweza kuwa na wapiga kura wa kijiji kizima. Ila wengi wao hujiandikisha kupiga kura nyumbani mashambani, jambo ambalo wanasiasa wa mjini hulijua vizuri na hawalisemi hadharani.

Kwa nini basi eneo kama hilo liliachwa na kiti kimoja? Jibu liko kwenye matokeo ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Nairobi ilikuwa na viti 8, na chama tawala cha KANU kilipata kimoja tu, Westlands. Raila Odinga alichukua Langata kwa tiketi ya Ford Kenya, na vile sita vilivyobaki, Embakasi ikiwemo, vikaenda Ford Asili ya Kenneth Matiba. Henry Ruhiu ndiye aliyeingia bungeni kutoka Embakasi. Kitaifa mambo yalikuwa tofauti kabisa: Daniel arap Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura za urais, lakini chama chake kikazoa viti 100 kati ya 188. Maeneo yenye watu wachache ndiyo yaliyokibeba.

Mwaka 1996 Tume ya Uchaguzi ilipitia mipaka upya na kuongeza viti 22, vikawa 210. Nairobi haikupata hata kimoja. Mathare ilibadilishwa jina ikawa Kasarani, basi. Mtu anaweza kuita hilo uzembe wa maofisa, lakini uzembe unaoegemea upande mmoja kila mara unastahili jina jingine.

David Mwenje alikitwaa kiti hicho mwaka 1997 akiwa mgombea wa DP ya Mwai Kibaki, akakitetea mwaka 2002 chini ya NARC. Kisha ikaja Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ya 2003, na hapo udogo wa uwakilishi ukageuka kuwa udogo wa pesa. Sheria ilisema asilimia 75 ya hazina igawanywe sawasawa kati ya maeneo bunge yote 210, na asilimia 25 ifuate kiwango cha umaskini. Embakasi, iliyokuwa na watu mara tano ya wastani wa eneo bunge kwa sensa ya 2009, ilipewa fungu lisilotofautiana sana na la maeneo bunge yenye shule chache tu. Darasa lililojengwa Dandora lilikuwa la kugombaniwa.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ndio uliokitia kiti hiki kwenye historia ya taifa. Rais Kibaki aliongoza Nairobi kwa kura za urais, lakini chama pinzani cha ODM kikachukua viti 5 kati ya 8 vya jiji, kwa sehemu kwa sababu vyama vya kambi ya Kibaki vilizoea kusimamisha wagombea wao wenyewe na kugawana kura. Embakasi ilimwangukia Mugabe Were wa ODM, aliyewahi kuwa diwani huko Dandora. Hakumaliza hata mwezi mmoja baada ya kuapishwa. Usiku wa kuamkia Januari 29, 2008, alipigwa risasi langoni mwa nyumba yake, nchi ikiwa tayari inawaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Siku mbili baadaye mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, naye akauawa Eldoret.

Ikumbukwe bunge lilikuwa limegawanyika karibu nusu kwa nusu: Kenneth Marende alikuwa ameshinda uspika kwa kura 105 dhidi ya 101. Kwa hiyo uchaguzi mdogo wa Juni 11, 2008, ulipiganwa kama vita vya kitaifa. ODM ilimsimamisha Esther Passaris, PNU ya Kibaki ikamleta Ferdinand Waititu, na Waititu akashinda. Ndiye aliyekuwa mbunge wa mwisho wa Embakasi nzima. Baadaye aliibuka gavana wa Kiambu, wadhifa alioondolewa mwaka 2020.

Katiba ya 2010 iliweka kanuni mpya: idadi ya watu katika eneo bunge ikaribie wastani wa taifa, huku miji na maeneo yenye watu waliotawanyika yakiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa hadi asilimia 40. Viti vikawa 290, na wastani ukawa watu 133,138. Tume ya mipaka ya Andrew Ligale ilianza kuchora, mabishano yakazuka, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikakamilisha kazi mwezi Machi 2012. Nairobi ikapanda kutoka viti 8 hadi 17. Njiru na Ruai zikahamishiwa Kasarani, na Embakasi iliyobaki ikazaa Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi.

Ilikuwa hatua kubwa, lakini tazama hesabu. Wastani wa eneo bunge la Nairobi ulikuwa watu 184,610. Kikomo cha juu kinachoruhusiwa kilikuwa 186,393. Jiji lilipewa kiasi cha chini kabisa ambacho sheria ingekubali, tena likiwa linakua kila siku. Sababu mojawapo ni kwamba katiba hiyohiyo ilikataza eneo bunge lolote lililokuwepo kufutwa katika mapitio ya kwanza.

Wapo wanaosema kwamba Embakasi moja ilikuwa na faida yake: hakuna jamii iliyoweza kushinda peke yake, ndiyo maana Mluhya kama Were aliweza kushika kiti ambacho wanasiasa Wakikuyu walikuwa wakikipokezana. Hoja hiyo ina ukweli. Baada ya kukatwa, vipande vilianza kufungamana na vyama. Mwaka 2013 TNA ilichukua Kaskazini, Kati na Magharibi, ODM ikapata Kusini na Mashariki. Babu Owino ameshika Mashariki tangu 2017, ingawa Mahakama Kuu iliwahi kubatilisha ushindi wake kabla ya Mahakama ya Rufani kuurejesha. Kusini kulirudiwa uchaguzi Aprili 2019, na Julius Mawathe wa Wiper akashinda tena. Magharibi, mwaka 2022, alichaguliwa Mark Mwenje, mwana wa yule David. Hata hivyo, mchanganyiko wa makabila hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uzito wa kura yake. Na hoja ya umbali, kwamba Lamu Mashariki ni visiwa na mbunge wake husafiri kwa mashua, ni ya haki, lakini hiyo asilimia 40 iliwekwa kwa ajili yake.

Sensa ya 2019 imeirudisha Nairobi ilikokuwa. Watu ni 4,397,073. Wastani wa eneo bunge la jiji ni 258,651, wakati kikomo cha asilimia 40 juu ya wastani wa taifa ni 229,621. Mapitio mapya yalitakiwa kukamilika Machi 2024, lakini IEBC haikuwa na makamishna. Mpango wa BBI wa kurekebisha katiba ungeipa Nairobi viti 12 zaidi kwa kuongeza viti vya bunge, njia rahisi isiyomnyang'anya mbunge yeyote kiti, na Mahakama ya Juu ikahitimisha safari yake Machi 2022. Idadi ya viti inabaki 290. Takwimu za sensa za kaskazini mashariki zimepingwa mahakamani, na wabunge wa maeneo madogo hawana haraka yoyote.

Tume ikianza mapitio hayo, na ianzie Nairobi. Ili jiji liingie tu chini ya kikomo cha sheria linahitaji viti 20, vitatu zaidi ya vilivyopo, na vitatu hivyo lazima vitoke mahali pengine.