Pesa za wastaafu na vifusi vya Mavoko

TINGATINGA zilipobomoa nyumba katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement huko Mavoko, Kaunti ya Machakos, mnamo Oktoba 2023, ghadhabu ya umma iliwaelekea polisi, wanasiasa na matapeli waliowauzia watu ploti zile. Ni wachache waliomkumbuka mwenye hisa mmoja mkubwa: mfanyakazi wa Kenya.

Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, wakati huo ilimiliki asilimia 27 ya kampuni hiyo. Fedha za hazina si mali ya serikali. Ni makato ya mishahara yaliyokabidhiwa wadhamini wayatunze kwa niaba ya wenyewe, na si ajabu kwamba baadhi ya waliolala nje siku zile walikuwa wanachama.

Je, wadhamini walikuwa na wajibu wowote kwao?

Jibu la mazoea ni la. Sheria ya udhamini humtaka mdhamini aweke kando huruma na siasa zake, atumikie wanufaika pekee. Kesi inayorejelewa sana ni ile ya Uingereza ya mwaka 1984, ambapo kiongozi wa wachimbaji makaa, Arthur Scargill, na wenzake walitaka hazina ya pensheni isiwekeze ng'ambo wala katika nishati inayoshindana na makaa. Jaji Robert Megarry aliwakatalia. Maslahi ya wanufaika, alishikilia, kwa kawaida ni ya kifedha.

Na kuhusu umiliki, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Machakos ilikuwa imeamua mwezi huo huo kwamba zaidi ya ekari 4,000 ni za kampuni.

Hata hivyo, uamuzi wa Megarry umesomwa kwa ufinyu mno. Ardhi iliyovamiwa kwa miaka mingi haiuziki kwa urahisi, nayo hula ada za mawakili. Kuupuuza mzozo kama huo si ukali wa kibiashara. Ni uzembe kwa mali ya mstaafu. Tume ya Sheria ya Uingereza ilieleza mwaka 2014 kwamba wadhamini wazingatie jambo lolote lenye uzito wa kifedha, liwe la kijamii au la mazingira. Afrika Kusini ilikuwa imetia hilo katika kanuni zake za pensheni tangu 2011.

Hapa kwetu, Sheria ya Malipo ya Uzeeni ya 1997 inaitaka kila skimu iwe na sera ya busara ya uwekezaji. Hakuna kinachozuia sera hiyo kutaja maskwota, vumbi la saruji au fidia.

Hadi mwanzoni mwa 2023 mfanyakazi alikatwa Sh200 kwa mwezi. Sheria mpya inamkata asilimia 6. Anastahili kuelezwa wadhamini walisema nini katika mikutano ya wenye hisa kabla ya tingatinga kufika Mavoko.