MPIGA GITAA NAYE NI MFANYA KAZI

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi letu ndugu mmoja alisimama akasema kwamba wapiga muziki si wafanya kazi, ati wao hucheza tu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na leo namjibu.

Mimi ni mtu wa Lambwe, kazi yangu ni ya Reli. Kila nikienda likizo nyumbani nawaona vijana wa bendi. Kwetu bendi huitwa "Jazz" ingawa hupiga benga. Jina hilo limeshika tangu zamani za Shirati Jazz ya D. O. Misiani na Victoria Jazz. Vijana hawa hubeba spika na ngoma kwa pikipiki, wakaanza saa tatu usiku, wakaacha alfajiri. Kama hiyo si kazi, basi hata zamu yetu ya usiku si kazi.

Sasa tazameni ujira wao. Mwenye baa huuza bia usiku kucha kwa sababu ya gitaa lile. Fedha za bia ni zake. Fedha za mlangoni huzihesabu peke yake. Inayobaki kwa bendi ni pakruok, yaani fedha za mtu anayetaka jina lake na ukoo wake usifiwe mbele ya watu. Katika hizo, mwenye vyombo hukata fungu lake kwanza, halafu petroli ya jenereta, halafu nauli. Wapigaji hugawana sarafu. Wakati wa mavuno afadhali. Wakati wa njaa nani ana fedha za kujisifu? Je, sisi tungekubali mshahara wetu ungoje abiria afurahi?

Ndugu yangu mdogo hupiga besi. Mwaka jana walikesha katika baa moja, watu wamejaa hata nje; nami nilikuwapo. Asubuhi mwenye baa akasema watu walikuwa wachache, akawapa chai na nauli. Hakukuwa na karatasi, basi hakukuwa na kesi.

Wengine husema, wauze nyimbo. Wamwuzie nani? Sahani zimepita, kanda zimepita, leo wimbo hunakiliwa katika simu bila senti moja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda wimbo, lakini haisimami mlangoni kuhesabu watu.

Ndugu, jambo hili si geni katika vyama. Mwaka 1964 chama cha wafanya kazi cha jirani zetu, NUTA, kilianzisha bendi Dar es Salaam, NUTA Jazz, na wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Vyombo vilikuwa vya chama, ni kweli, na aliyehama aliondoka mikono mitupu. Lakini mwisho wa mwezi alijua atakula nini. Bendi hiyo ilibadili majina, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na ndiyo Msondo Ngoma. Mabwana wengi wa baa wamekuja na kupita, yenyewe ikadumu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Basi nawaambia wapigaji wa Lambwe, Mbita, Ndhiwa na Migori: msifunge waya kabla ya mapatano kuandikwa. Nusu ya fedha itolewe kwanza. Mlangoni wakae watu wawili, mmoja wenu. Na bendi moja ikidhulumiwa baa fulani, nyingine isiende kupiga pale.

Nasi tusijifanye wasafi. Mei Mosi iliyopita tawi letu liliita bendi, tukacheza mpaka jioni, tukawalipa soda na makofi. Tulisema ni undugu. Tajiri naye husema hivyo hivyo asipotaka kulipa. Napendekeza mkutano ujao tulipe deni lile kwanza, ndipo tupige kelele juu ya wenye baa.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika chama,
Mtu wa Reli, Lambwe