Mama akiwa peke yake, makaratasi ya batoto yawe tayari

Kuko mama mmoja wa Kolwezi ambaye habari yake imetukaa moyoni. Bwana yake alikuwa mfanyakazi wa mugodi, alikufa miaka mitatu iliyopita na kumuachia watoto watatu. Wa pili, kijana wa miaka tisa, ana ugonjwa wa moyo. Waganga wamesema operesheni ifanyike Afrika ya Kusini. Ndugu walitoa, kanisa lilitoa, marafiki wa kazi wa marehemu nao walitoa, na feza ikapatikana. Mama akashika bus mpaka Lubumbashi pamoja na mgonjwa na yule mdogo wa miaka mine, maana hana mtu wa kumuachia. Mbele ya dirisha la viza, mazungumzo hayakuchukua hata dakika tano.

— Mama, tata ya batoto eko wapi?
— Alikufa, papa.
— Pole, mama. Acte de décès yake iko wapi?
— Niko na paka ile karatasi ya lopitali.
— Na acte de naissance ya batoto?
— Bote balizaliwa ku lopitali ya kampani. Majina yabo iko mu fishi ya baba yabo.
— Ile haiko acte, mama.

Yule mtu hakumtukana mama, na hakumuomba kitu. Alisema kweli tu. Fishi ya kampani si akti ya kuzaliwa, na karatasi ya lopitali si akti ya kifo. Mama akarudi Kolwezi na mtoto wake. Feza ya operesheni ingali kwa mtunza feza wa kanisa, mtoto angali anapumua kwa shida usiku.

Hatuandiki haya kwa kumlaumu. Tunaandika kwa sababu tumefungua masanduku yetu sisi wenyewe, na katika nyumba nyingi tumekuta vilevile: kadi ya ubatizo, bulletini za masomo, fishi ya lopitali, picha za ndoa, lakini akti ya kuzaliwa ya mtoto hakuna. Tunasema wazi: mama anayelea watoto peke yake hakwamishwi na ubalozi. Anakwamishwa na kazi ambayo sisi, hapa kwetu, hatukuifanya siku mtoto alipozaliwa na siku baba yake alipozikwa.

Desturi hii ina asili yake. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, mtoto wa mfanyakazi alizaliwa katika lopitali ya kampani, akasoma masomo ya kampani, akala posho ya kampani. Jina lake likiwa katika fishi ya baba, milango yote ilifunguka. Nani alikuwa na lazima ya kwenda komini? Watu walisema kampani ni baba na mama. Kisha ikaja 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakatoka kwa ile waliyoita « départ volontaire ». Wengi walifahamu siku ile kwamba fishi ya kampani inakufa pamoja na kazi. Akti ya serikali haifi. Sasa kampani ni nyingi, za sous-traitance ni nyingi zaidi, na kuna makumi ya maelfu ya bacreuseurs ambao hawana hata fishi. Lakini desturi yetu ni ile ile ya zamani.

Sheria yenyewe haikufichwa. Code de la famille ya tarehe 1 agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 julai 2016, inatoa siku 90 kwa kuandikisha mtoto kwa officier de l'état civil. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Siku ya 91 mambo yanageuka: lazima kupita kwa tribinali, kuomba « jugement supplétif », kutafuta mashahidi, kulipa, kungoja, kisha kurudi komini na hukumu mkononi ili akti iandikwe. Kazi ya asubuhi moja inakuwa kazi ya miezi.

Wengine wanatuuliza: « Bazungu na Basud-Africains banatafuta nini na tata ya batoto? Mama haiko muzazi? » Swali ni la haki, na jibu lake ni hili. Wanaogopa wizi wa watoto. Mtu anaweza kuvuka mpaka na mtoto asiye wake, ao mzazi mmoja anaweza kumkimbiza mtoto ili mwenzake asimuone tena. Hata Kongo yetu iliogopa jambo hilo: mwaka 2013 DGM ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliokuwa wamechukuliwa na wazazi wa kigeni kwa adoption. Basi tusiseme sharti hili ni chuki. Linamlinda mtoto. Sisi wenyewe tungelia kama mtu angemvukisha mtoto wetu Kasumbalesa bila kuulizwa neno.

Afrika ya Kusini iliweka kanuni zake tarehe 1 juni 2015. Zimelegezwa kidogo kwa watu wa inchi zisizoombwa viza, lakini sisi tunaombwa viza, kwa hiyo makaratasi yanatakiwa ndani ya faili. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto wa chini ya miaka 18 anapashwa kuonyesha akti ya kuzaliwa yenye majina ya wazazi wote wawili. Juu yake anaongeza moja kati ya haya matatu: barua ya mzazi mwingine anayekubali, iliyoapwa mbele ya mwenye mamlaka, ao hukumu ya tribinali inayompa malezi yeye peke yake, ao akti ya kifo ya mwenzake. Karatasi zetu zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo inafaa kuhesabu pia feza ya mtafsiri aliyeapa kwa kuzigeuza Kiingereza. Na kadi ya manjano ya fièvre jaune isisahauliwe, kila mtu na yake.

Kwa Ubelgiji, Ufaransa na inchi zingine za Schengen, fomu ya mtoto inatiwa sahihi na yule mwenye mamlaka ya mzazi. Tangu juni 2024 bei ya viza fupi ni euro 90 kwa mtu mkubwa na kwa mtoto wa miaka 12 kwenda juu, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na wa chini ya miaka 6 halipiwi. Mama mwenye watoto wa miaka 14, 9 na 4 anahesabu euro 225, na wakikataliwa, feza hairudi. Faili inapokelewa tangu miezi 6 mbele ya safari, na si chini ya siku 15. Anayekwenda siku ya mwisho anatupa feza yake.

Sasa, mama peke yake si wa namna moja.

Wa kwanza ni mjane. Kwake neno kubwa ni akti ya kifo. Katika kilio tunajua kutafuta sanduku, chakula na bus ya kupeleka watu makaburini. Lakini nani anaenda komini? Ile « certificat de décès » ya mganga ni mwanzo tu. Kwa hiyo komini inaandika akti. Tunaomba familia ziweke mtu mmoja, katika kamati ya kilio, ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Wa pili ni yule ambaye baba ya watoto angali mzima lakini hayuko. Alienda kuchimba mbali, ao alioa kwingine, na telefone yake haipatikane. Sahihi yake inatakiwa. Kama anapatikana, aandike barua ya ruhusa akitaja jina la kila mtoto, inchi, tarehe za kwenda na kurudi. Aitie sahihi mbele ya notaire, na aweke kopi ya karte yake. Kama hapatikane ao anakataa kwa kisasi, mama asikae kulia: aende kwa tribinali, aombe hukumu ya malezi. Hukumu hiyo haipatikane kwa juma moja, basi asingoje tikiti.

Wa tatu ni yule ambaye mtoto wake hakukubaliwa na baba. Katika miji yetu ya mugodi wako wengi, na tunawacheka badala ya kuwasaidia. Sheria ya Kongo inasema kila mtoto lazima awe na baba, azaliwe ndani ya ndoa ao inje. Baba asipojulikana, tribinali inaweza kuweka « père juridique », mara nyingi mtu wa familia ya mama. Mama wengi hawakuambiwa neno hili hata siku moja.

Kuna shida nyingine ambayo ni yetu sisi Wakongomani. Watoto wa nyumba moja wanaweza kubeba majina matatu tofauti: mmoja jina la babu, mwingine la mjomba, mwingine la rafiki wa baba. Ni heshima nzuri, lakini mtu wa ofisi ya kigeni haoni kwamba huyu mama na hawa watoto ni wamoja. Akti tu ndiyo inamuonyesha. Na ndani ya akti, herufi moja inatosha kuharibu. Mwamba katika akti, Muamba katika paspoti. Ngoy kwa baba, Ngoie kwa mtoto. Mbele ya kuondoka kwenye dirisha la komini, soma jina herufi kwa herufi, na tarehe namba kwa namba. Kusahihisha saa ile ni neno la kuomba. Kusahihisha kisha ni neno la tribinali.

Na tusidanganyane juu ya wale vijana wanaosimama inje ya maofisi na kusema, « Mama, leta feza, kesho acte iko tayari. » Karatasi ya uongo inaharibu faili nzima, na jina lako linabaki limeandikwa vibaya. Ubelgiji, wakiwa na mashaka juu ya akti katika faili za kuunganisha familia, wanaweza kwenda hadi kupima ADN. Damu haihongwi.

Lakini lawama isibaki kwa mama peke yake, maana hapo tungekuwa waonevu.

Tunawaambia wanaume kwanza, na sisi tumo ndani: kuandikisha mtoto si kazi ya « benye kusoma ». Tangu 2016 sheria imeondoa ile ruhusa ya bwana ambayo bibi aliyeolewa alihitaji kwa mambo yake mengi ya sheria. Vema. Lakini ruhusa ikiondoka kwa sheria na watoto wakabaki bila akti, mama angali amefungwa kamba.

Tunawaambia ndugu za marehemu: musishike makaratasi. Tumeona baba mudogo akiweka akti na paspoti za watoto chini ya godoro lake, akisema, « Bale batoto ni betu. » Kama ni wenu, mwacheni mama awapeleke kutibiwa.

Tunaziambia komini: kama kuandikisha ndani ya siku 90 ni bure, bei ya « karatasi » na ya « kalamu » inatoka wapi? Na kwa nini mama wa cité ya mbali atumie feza ya siku mbili za soko kwa kufika kwenu? Mtumishi mmoja mwenye kitabu chake, akikaa ndani ya maternité mara mbili kwa juma, angefanya kazi kuliko semina kumi.

Tunaziambia kampani: munaandika jina la mtoto katika fishi kwa ajili ya matunzo. Ombeni akti siku ileile, na kama hakuna, mpeni mfanyakazi asubuhi moja ya kwenda komini. Mfanyakazi akifa, sekretari wa kazi ya watu amsaidie mjane kupata akti ya kifo mbele ya kumpa hesabu ya mwisho.

Wengine watasema: « Siye tutaenda wapi? Kinshasa yenyewe hatuijue. » Ndugu, ugonjwa hautumi barua. Na akti si ya viza tu. Bila akti, yatima hapati pensheni ya CNSS, na siku ya urithi mtoto hana cha kuonyesha. Akiba haiozi, na akti ni akiba ambayo hata mwizi haihitaji.

Yule mama wa Kolwezi sasa amefungua faili kwa tribinali. Mashahidi wawili wamekubali, mmoja ni capita wa zamani wa bwana yake. Waganga wanasema mtoto angali anaweza kungoja kidogo. Kidogo ni miezi mingapi, hakuna anayejua, na miezi hiyo ni ileile ambayo asubuhi moja ya mwaka aliozaliwa ingeiokoa.

Leo magaribi, fungueni sanduku la nyumba. Wekeni mezani jina la kila mtoto na akti yake pembeni. Pale ambapo pembeni hakuna kitu, kesho asubuhi mtu mmoja aende komini.