Miji ya Walimwengu: Bandung, Mji wa Fimbo ya Gavana



Kijana mmoja, mwana wa jirani, alitujia barazani na picha ya mtaa wa zamani: taa za chuma kando ya njia, maduka ya vioo, na nyuma yake milima ya buluu. Akatuonyesha, kisha akasema, "Semeni mtakavyo, wazee wangu, lakini wakoloni walijua kujenga." Waliokuwapo wakanyamaza, wengine kwa kukubali na wengine kwa kuudhika. Picha ile ilikuwa ya Bandung, mji wa milimani katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia. Sikumjibu siku ile, kwani jibu lake ni refu kuliko kikombe cha kahawa. Leo namjibu hapa, nanyi msikie pamoja naye.

Bandung uko kiasi cha kilomita 150 kusini-mashariki ya Jakarta, ndani ya bonde lililoinuka zaidi ya mita 700 juu ya bahari, na milima ya volkeno imeuzunguka kama ukuta. Mtu atokaye pwani, kwenye joto na jasho, akifika huko hutafuta shuka la kujifunika usiku. Wataalamu wa ardhi wasema kwamba bonde lote hilo hapo kale lilikuwa ziwa. Wasunda, ambao ndio wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa na khabari za ziwa hilo katika hadithi zao kabla ya wataalamu kuja na vipimo vyao.

Wasimulia kwamba bibi mmoja mzuri, jina lake Dayang Sumbi, alipotezana na mwanawe Sangkuriang tangu utotoni. Kijana alipokua akarudi asimjue mama yake, akataka kumposa, kwa kuwa yule bibi hakuwa akizeeka. Mama akamtambua kwa kovu la kichwani, akatafuta hila. Akamtaka mahari isiyowezekana: auzibe mto Citarum upate kuwa ziwa, tena aunde jahazi, yote hayo kwa usiku mmoja kabla ya alfajiri. Kijana akakaribia kumaliza. Ndipo mama akatandaza upande wa mashariki vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, vikang'aa, majogoo wakawika wakidhani kumekucha. Sangkuriang kwa ghadhabu akalipiga jahazi teke likapinduka, nalo ndilo mlima ulio kaskazini ya mji, Tangkuban Perahu, maana yake jahazi lililopinduka. Mlima huo una mita 2,084, nao ni hai: mwaka 2019 ulitapika majivu, watalii wakakimbia. Siku za utulivu watu hufika mpaka ukingoni mwa shimo lake wakatazama moshi na kunusa kiberiti.

Sasa tuje kwa huyo aliyejua kujenga.

Mwaka 1808 aliletwa Java gavana mkuu wa Kiholanzi aliyeitwa Herman Willem Daendels. Wakati ule Uholanzi ilikuwa chini ya mkono wa Napoleon, na khofu yao kubwa ilikuwa Waingereza kuja kuwanyang'anya kisiwa. Daendels akaamuru itengenezwe barabara toka Anyer, upande wa magharibi, mpaka Panarukan, upande wa mashariki, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,000, ili majeshi na barua zipite upesi. Njia hiyo ikaitwa Barabara Kuu ya Posta. Kazi yenyewe ilifanywa na wakulima waliotolewa vijijini kwa amri, wakapasua miamba na kukata misitu ya milima ya Priangan kwa majembe na mikono. Walikufa kwa maelfu, kwa uchovu, kwa njaa na kwa homa. Barabara ilikwisha upesi mno hata Wazungu wenyewe wakastaajabu. Khofu iliyoileta haikuondoka, kwani mwaka 1811 Waingereza walikuja wakakitwaa kisiwa vilevile.

Yasimuliwa kwamba Daendels alipofika penye daraja la mto Cikapundung alichomeka fimbo yake ardhini, akasema kwamba atakaporudi aukute mji hapo. Huenda maneno hayo yametiwa chumvi, kama desturi ya visa vya wakubwa. Amri yake, hata hivyo, ilikuwapo. Bupati wa Bandung, ambaye sisi tungemwita Liwali, alikuwa na makao yake kiasi cha kilomita 11 kusini ya pale, naye akatakiwa kuyahamishia kando ya barabara. Tarehe 25 Septemba 1810 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa mji. Basi fimbo ilikuwa ya gavana, jina ni la wenyeji, na barabara ni mifupa ya wakulima.

Mji ulilishwa na nini? Kwanza na kahawa. Mmea huu, ambao kilimo chake kilianzia Yemen na ambao wazee wetu hunywa tunda lake kwa kashata, Waholanzi waliupeleka Java mwishoni mwa karne ya 17. Toka mwanzo wa karne ya 18 wakulima wa Priangan walilazimishwa kuipanda kahawa milimani, kuichuma na kuiteremsha mpaka maghalani kwa bei aliyoipanga mnunuzi. Mambo hayo yalidumu karibu miaka mia mbili. Baadaye ikaja chai, na pamoja nayo mti wa kwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Nyanya zenu nyingi, vijana wangu, walinyweshwa kwinini wakakunja nyuso kwa uchungu wake. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, sehemu kubwa kabisa ya kwinini yote ya dunia ilitoka Java, na kiwanda chake kikubwa kilikuwa hapo Bandung tangu 1896. Wajapani walipokiteka kisiwa mwaka 1942, majeshi ya Uingereza na Marekani yalikosa dawa ya malaria yakahangaika.

Reli ilifika mwaka 1884, na baada ya hapo mji ukanenepa. Waholanzi wakaupenda kwa baridi yake wakauita Paris ya Java. Walifikiri hata kuyahamishia huko makao ya serikali yao, na ndiyo sababu jiwe la msingi la jumba la Gedung Sate likawekwa mwaka 1920. Jumba hilo lina kijiti cha chuma juu ya paa kilichotungwa vidude sita vya mviringo, na watu wa mji, ambao hawakosi utani, wakaliita Jumba la Mishikaki. Mtaa wa Braga ndio uliokuwa wa maduka ya fahari, nao ndio wa picha ile ya kijana wetu.

Lakini jumba ambalo yafaa tulisimamie zaidi ni lile la kilabu cha Concordia. Kilabu hicho kilianzishwa mwaka 1879 na mabwana wa mashamba ya chai, ambao waliteremka mjini mwisho wa juma kucheza dansi na kunywa. Mwaka 1926 jumba lilijengwa upya, sakafu ya marumaru ya Italia na taa zilizoning'inia kama vishada. Lilikuwa la Wazungu. Mwenyeji akiingia, aliingia na sinia mkononi.

Mmoja wa waliolichora jumba hilo ni mhandisi C. P. Wolff Schoemaker, na khabari zake ni za ajabu kidogo. Mholanzi huyu alisilimu akaitwa Kemal, na ndiye aliyechora pia msikiti wa Cipaganti, ulioanza kujengwa mwaka 1933 katika mitaa ya Wazungu. Alisomesha katika chuo cha uhandisi kilichofunguliwa Bandung mwaka 1920, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana aliyeitwa Soekarno, aliyehitimu mwaka 1926. Mwaka uliofuata kijana huyo akaunda chama cha kudai uhuru mjini humo humo. Mwaka 1929 akakamatwa, akafungwa katika gereza la Banceuy, na mwaka 1930 akapandishwa kizimbani. Badala ya kuomba huruma, alisimama akaushitaki ukoloni wote kwa hesabu na ushahidi, na hotuba yake ikaitwa Indonesia Yashitaki. Alihukumiwa miaka minne. Nyumba ya mahakama ile bado ipo, na chumba alimofungwa Banceuy kimehifadhiwa. Mwenye watoto na awapeleke huko kabla ya kuwapeleka madukani.

Vita vya uhuru vilikuwa vikali. Indonesia ilitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, lakini Waingereza waliingia mjini mwaka huo huo, na nyuma yao Waholanzi waliotaka kurudi. Njia ya reli ikawa mpaka, kaskazini kwao, kusini kwa wenyeji. Mwezi wa Machi 1946 wapiganaji wa Indonesia wakaamriwa watoke kusini pia. Wakaamua kwamba adui hatapata kituo. Usiku wa tarehe 24 watu wanaokadiriwa kuwa 200,000 walitoka wakibeba wazee na watoto, na nyuma yao nyumba zikawaka kwa mikono ya wenyewe. Usiku huo huitwa Bandung Bahari ya Moto. Mimi kila nikiufikiri, huwaza juu ya mama aliyeshika kibiriti mlangoni mwa nyumba aliyoolewa ndani yake.

Miaka tisa baadaye, mji uliochomwa uliwakaribisha wageni. Tarehe 18 mpaka 24 Aprili 1955 wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana Bandung. Soekarno, ambaye sasa alikuwa Raisi, akachagua wakutane katika jumba lile lile la Concordia, na siku chache kabla akalibadilisha jina likawa Gedung Merdeka, yaani Jumba la Uhuru. Barabara ya Daendels iliyopita mbele yake ikaitwa Barabara ya Asia na Afrika. Nehru wa India, Zhou Enlai wa China, Jamal Abdul-Nasir wa Misri na wenzao walitoka hoteli ya Savoy Homann wakatembea kwa miguu hatua chache mpaka mlangoni, na watu wamejaa pande zote mbili wakiwashangilia.

Kutoka Afrika nchi zilizokuja ni sita tu: Misri, Uhabeshi, Libya, Liberia, Sudani na Gold Coast. Sudani ilikuwa haijapata uhuru wake kamili wala bendera, basi ikatundikiwa kitambaa cheupe kilichoandikwa jina la nchi. Kitambaa kile kilipepea katikati ya bendera za madola, na hapana aliyekicheka. Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja hazikuwa na kiti. Lakini mambo yaliyoanzia pale yalitufikia: mwezi wa Februari 1963 mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa Asia na Afrika ulifanywa Moshi, nao ni mji wa mlimani, chini ya Kilimanjaro.

Basi, mwanangu, ulisema wakoloni walijua kujenga. Aliyechora alijua, hilo sikukatalii, na marumaru ni nzuri, sikuoni makosa kuipenda. Lakini aliyepasua mwamba ni nani, na aliyelipa ni nani? Bei ya kahawa aliyokatwa mkulima wa Priangan ndiyo iliyonunua taa zile. Kwa hivyo wajukuu wa mkulima huyo walipoketi katika viti vya Concordia hawakuwa wageni wa mtu. Waliketi katika mali iliyokwisha kulipiwa.

Mwenye kujaaliwa kwenda huko atafika kwa wepesi, kwani tangu Oktoba 2023 pana gari-moshi liendalo mbio toka Jakarta, kilomita 142, kwa mwendo ufikao kilomita 350 kwa saa. Asitazamie kimya cha zamani. Mji una watu zaidi ya milioni mbili, na magari mengi mno siku za mapumziko. Ndani ya Gedung Merdeka pana makumbusho ya mkutano tangu 1980. Juu ya kilima cha Lembang pana nyumba ya kutazamia nyota iliyojengwa kwa mali ya K. A. R. Bosscha, tajiri wa chai. Darubini yake kubwa ni ya mwaka 1928, na siku hizi wanazuoni wa falaki hutoka hapo kuangalia hilali ya Ramadhani. Vijana wanaosoma na wapite msikiti wa Salman mbele ya chuo cha uhandisi. Hauna kuba wala nguzo ndani, paa lake ni bapa, na wanafunzi wameufanya ndio nyumba yao.

Msikiti mkuu wa mji uko hatua chache toka Gedung Merdeka, kandokando ya uwanja. Hapo zamani paa lake lilikuwa la ngazi ngazi, lenye ncha juu, kwa mtindo wa Java. Kwa ajili ya wageni wa 1955 uliwekewa kuba, na mwanzoni mwa karne hii umejengwa upya tena, na minara miwili mirefu ambayo mtu aweza kuipanda akaona mji mzima na milima yake. Paa la ncha halipo tena. Lakini kwa kuwa ndoa zilikuwa zikifungwa msikitini, wazee wa Kisunda waliita kuoa "kwenda kwenye nyumba ya ncha," na mpaka leo mzee akisikia kijana amechumbia, humwuliza ni lini atakwenda huko.