Data za wateja zikiibiwa, nani anapaswa kuwajulisha?

Mteja anaweza kulinda nambari yake ya siri, asiionyeshe hata kwa watu wa nyumbani, na bado habari zake za malipo zikafika mikononi mwa wezi. Sababu ni kwamba habari hizo hazikai kwake peke yake. Zinakaa pia katika mashine za kampuni anayoilipa.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Target, kampuni kubwa ya maduka nchini Marekani. Mnamo Novemba 2013, wezi waliingia katika mtandao wake kwa nywila waliyoiba kutoka kampuni ndogo iliyokuwa ikiihudumia kwa mitambo ya baridi. Kisha waliweka programu ya siri katika mashine za kulipia. Kila mteja alipopitisha kadi, programu hiyo ilinakili habari zake. Kati ya tarehe 27 Novemba na 15 Desemba, kadi karibu milioni 40 zilinakiliwa. Majina, anwani na nambari za simu za watu hadi milioni 70 zilichukuliwa pia.

Hasara ilikuzwa na ucheleweshaji. Mitambo ya ulinzi ya Target ilitoa ishara za hatari tarehe 30 Novemba, na tena tarehe 2 Desemba, lakini hazikushughulikiwa kwa wakati. Tarehe 12 Desemba, Wizara ya Sheria ya Marekani ndiyo iliyoijulisha kampuni. Wateja wenyewe walipata habari tarehe 18, kupitia mwandishi wa habari Brian Krebs. Target ilithibitisha kesho yake. Wakati huo kadi zilikuwa zimeanza kuuzwa mtandaoni, na wenye kadi wakiendelea kununua zawadi za Noeli bila kujua lolote.

Mkurugenzi mkuu, Gregg Steinhafel, aliacha kazi Mei 2014. Mwaka 2017, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 18,5 kwa majimbo 47 na mji mkuu Washington. Marekani ilikuwa tayari na sheria za kulazimisha kampuni kuwajulisha wateja: ile ya California ilianza kutumika mwaka 2003. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2018, kampuni ina saa 72 za kuijulisha mamlaka husika.

Hayo yanatuhusu namna gani? Huku kwetu mashariki mwa Congo, wenye kadi ya benki ni wachache. Pochi yetu ni simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinabeba mshahara, karo ya shule na msaada wa ndugu. Tangu benki za Goma na Bukavu zifunge milango mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia katika miji hiyo, utegemezi huo umezidi. Na ili kupata laini, mtu anaacha jina lake na habari za kitambulisho chake kwa kampuni.

Mwizi akipata habari hizo, hahitaji kuvunja kitu. Anakupigia, anakuita kwa jina lako kamili, anadai kuwa mfanyakazi wa kampuni, kisha anaomba nambari ya siri. Uongo wake unaaminika kwa sababu umejengwa juu ya data za kweli. Kadi iliyoibiwa hufutwa, ukapewa nyingine. Jina na tarehe ya kuzaliwa havibadilishwi.

DRC ina sheria ya mambo ya kidijitali, nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Inalinda data za watu binafsi na kupanga mamlaka ya kuzisimamia. Uzito wake utapimwa siku ya wizi: je, mteja ataambiwa mapema ili ajikinge, au atagundua pesa zikiwa zimekwisha kwenda?

Kampuni zinazoweza kututumia SMS za promosheni kila asubuhi hazikosi njia ya kutuambia kwamba data zetu zimeibiwa.