Wafugaji wa Shuanghu waachiwe njia ya kurudi

Wilaya ya Shuanghu, kaskazini mwa Tibet, inakaribia Malawi kwa ukubwa, ila wakazi wake katika sensa ya 2020 walikuwa kama 10,000 tu. Sehemu kubwa iko karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi huingiza takriban nusu ya oksijeni anayoipata mtu wa pwani. Miti haioti. Moto huwashwa kwa kinyesi kikavu cha yaki, na maji ya maziwa mengi ni ya chumvi.

Mwaka 1976 wafugaji wa Shenzha, upande wa kusini, waliswaga mifugo kuelekea huko kwa kuwa malisho ya kwao hayakutosha. Viongozi waliwahimiza, nao wakaenda, wakajenga, wakalea watoto. Shuanghu ikawa wilaya kamili mwaka 2012.

Mwishoni mwa 2019 serikali ileile ikaanza kuwahamishia Gonggar, karibu kilomita 1,000 kusini, kando ya mto Yarlung Tsangpo.

Serikali inataja sababu mbili. Ya kwanza ni afya, na hapo ina hoja: kuishi juu namna hiyo huchosha moyo na mapafu, na mgonjwa yuko mbali mno na hospitali kubwa. Ya pili, kuwaachia wanyamapori ardhi, ni dhaifu zaidi. George Schaller, aliyechunguza simba wa Serengeti miaka ya 1960 kabla ya kuwafuata swala wa Tibet waitwao chiru, aliona walivyochinjwa kwa ajili ya sufu yao laini inayofumwa shali za bei kubwa. Risasi za majangili ndizo zilizowapunguza mno. Kumwondoa mfugaji ni kuondoa jicho linalomwona jangili akiingia.

Tena kuna suala la hiari. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2024 kuhusu kuhamishwa kwa vijiji vya Tibet inaeleza maofisa wanaorudi nyumba kwa nyumba hadi familia ikubali. Kukubali kwa namna hiyo si hiari.

Anayetaka nyumba Gonggar apewe. Anayetaka kubaki apelekewe zahanati na daktari wa mifugo. Na waliokwisha kuhama wabaki na haki ya malisho yao, ili kijana akishindwa kupata kazi mjini aweze kurudi kwenye kundi la baba yake.