Mashine ya risiti inajua Kiswahili

Nilikuwa Nyamahanga, huko kwetu Kagera, na leo naongelea herufi. Ndiyo, herufi, msicheke.

Nilimsindikiza bibi kununua bati. Akalipa, akapewa risiti ya EFD, akaniangalia: "Nisomee mjukuu wangu, wameandika nini hapa?" Bibi anasoma Kiswahili bila shida. Lakini karatasi ilianza na START OF LEGAL RECEIPT, ikaendelea hivyo hivyo mpaka chini. Nilipomwambia kwamba ndani ya ile bei kuna VAT ya asilimia 18, akashtuka. "Kumbe na mimi nalipa kodi?" Analipa miaka yote!

Mnazijua zile herufi: za kona kona, zimepangwa kwa vidoti, kama za kompyuta za miaka ya 1980. Kila moja ina upana uleule, I nyembamba inapewa nafasi sawa na M. Mimi nazipenda jamani. Kwa sababu ya upana huo mmoja, bei zinakaa kwenye mstari, elfu chini ya elfu, mia chini ya mia, na tarakimu ikizidi unaiona kwa jicho tu. (Tatizo ni karatasi yenyewe. Haina wino, inachomwa kwa joto, ukiitunza sana maandishi yanafifia.)

Sasa mtu asiniambie mashine haiwezi. Mfaransa angekuwa na kisingizio, lugha yake ina vikofia na mikia kwenye herufi. Sisi hatuna. Kinachozidi A mpaka Z ni kile kialama cha ng'ombe, nacho kipo. Au maneno yetu ni marefu? Nimehesabu nafasi: TOTAL EXCL OF TAX inakula 17. JUMLA BILA KODI inakula 15. Tunabakiwa na chenji!

Mashine hizi zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sasa hii karatasi si inajiita ya kisheria? Matangazo ya kutuhimiza kudai risiti yanatujia kwa Kiswahili safi kabisa, halafu risiti yenyewe bibi anahitaji mkalimani.

Kama kuna mdau anayetengeneza programu za mashine hizi, naomba anijibu: kinachozuia ni nini?